Mzio wa Nini, na Baada ya Muda Gani?

Wanangu mnaoingia kazini sasa, mori hunipanda kila nikikaa barazani kwangu Kiembe Samaki nikamsikia mtu anasema "mimi nna aleji" kisha ananyamaza, kama kwamba keshasema jambo. Aleji ya nini? Ilikupata vipi? Baada ya dakika tano au baada ya siku tatu? Hajui. Mafua ya vumbi aleji, tumbo la kuendesha aleji, kuumwa na mbu aleji. Nna jirani ana aleji ya kufagia. Nimestaafu, magoti yananiuma, na bado nalazimika kugombana na watu wazima juu ya neno moja.

Nagomba kwa sababu neno hilo, lilipoachwa nusu, lilikaribia kumuua msichana mbele ya macho yangu. Na aliyeliacha nusu ni mimi. Nitakuhadithieni, lakini kwa mwendo wangu, msinikate kauli.

Nilikuwa muuguzi karibu miaka thelathini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliimaliza katika kituo kimoja cha afya mjini ambacho sitokitaja jina. Katikati ya miaka ya themanini, nikiwa bado mbichi, walinipanga chumba cha sindano. Nyinyi wa sindano za plastiki za kutumia na kutupa hamkukijua chumba kile. Mabomba yalikuwa ya kioo, sindano za chuma, tukizichemsha kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa, na sindano ikiwa butu tunainoa kwenye jiwe dogo. Msururu ulianzia mlangoni ukafika barabarani, na kila aliyekuwemo alitaka kuchomwa. Ukimpa vidonge anakuona umemdharau. "Safari yote hii kutoka Kiwengwa nije nipewe tembe?" Mtu ana mafua, anataka sindano. Mtu kateguka mguu, anataka sindano. Mama mmoja aliniletea mtoto mzima wa afya, hana hata kikohozi, ati nimchome mapema asije akaugua siku ya Idi.

Aliyenifunza kazi alikuwa Bwana Mbarouk, daktari msaidizi, mtu mwembamba wa Mji Mkongwe, aliyetamka kha na ghaini zake kwa ukamilifu hata alipokuwa anakutukana. Subira hakuwa nayo hata chembe. Ukimwambia mgonjwa amevimba uso, anakuuliza, "Lini?" Ukimwambia ana vipele, "Lini? Baada ya nini? Dakika ngapi, siku ngapi?" Ukijibu hujui, anakurudisha kwa mgonjwa mbele ya watu wote, na wewe unakwenda na aibu yako.

"Raya," akinambia, "wewe unakwenda kumuuliza kala nini. Kila mtu kala kitu. Muulize saa."

Vitabuni mtakuta kwamba kinga ya mwili ikizidisha ukali wake, au ikielekeza ukali huo pasipostahiki, kuna njia nne za kukudhuru, na zimepewa namba moja mpaka nne. Bwana Mbarouk alizijua namba lakini alizipanga kwa saa. Kuna ya dakika. Kuna ya wiki. Kuna ya siku mbili tatu. Na kuna ile ya damu, ambayo haisubiri mtu kufikiri. Nilizikariri zote nikampa majibu mazuri, akanisifu mara moja tu maishani mwake, na mwezi haukwisha nikafanya upumbavu.

Alikuja mama mmoja wa Jang'ombe, Bi Mwanakombo, na bintiye Rukia, wa miaka saba hivi, anaumwa na mafindofindo. Kaandikiwa sindano ya pensilini. Mwezi uliopita alikuwa keshachomwa dawa hiyohiyo na hakudhurika. Nikamchoma, nikawaambia wakae kwenye benchi nje. Robo saa haijafika, mama yule karudi mbio kambeba. Midomo imevimba, mwili mzima mabaka yaliyoinuka, mtoto anajikuna analia.

Bwana Mbarouk siku ile alikuwa mazikoni. Nikampa mtoto dawa ya kutuliza mzio, na huku nampa nikauliza lile swali nililokatazwa.

"Kala nini?"

"Pweza wa nazi, mchana."

"Basi ndo huyohuyo pweza."

Bi Mwanakombo akanitazama. "Lakini Bi Muuguzi, pweza anamla tokea anaota meno. Na kamla saa sita, saa hizi saa tisa. Kabla ya sindano alikuwa hana kitu."

Mama yule hakupata kukanyaga skuli, na alikuwa ameshanipa jibu zima, saa na kila kitu. Mimi nikamjibu, "Mama, unataka kunifunza kazi yangu? Huo mzio. Mwachishe pweza." Kwenye kadi yake nikaandika maneno mawili: Ana mzio. Nikapiga muhuri. Mtoto akatulia baada ya saa mbili, wakaenda zao, na mimi nikaendelea na msururu wangu.

Nyinyi mshajua kuwa ilikuwa sindano. Mimi nadhani na mimi nilijua, mahali fulani ndani, lakini sindano niliichoma mimi, na pweza hakuwepo kujitetea.

Sasa sikilizeni ile ya dakika inavyokwenda, msije mkasema hamkuambiwa. Mara ya kwanza kitu kinaingia kimya. Mwili unakiona, unakitengenezea kingamwili za aina maalumu, na hizo zinakwenda kujibandika kwenye seli zilizojaa kemikali, histamini na wenzake, ambazo makao yake ni ngozini, kwenye njia ya pumzi na utumboni. Mwenye mwili hana khabari. Kitu kilekile kikirudi, kinazishika zile kingamwili, na seli zinamwaga zote kwa pamoja. Mishipa inatanuka na kuvuja, ngozi inavimba, koo inabana, presha inaporomoka. Ndiyo maana mgonjwa akikwambia "mara ya kwanza haikunidhuru" hajakwambia uwongo, wala hajakupa ruhusa. Na ukimwona mwenye mabaka leo, usitegemee kwamba mara ya tatu yatakuwa mabaka tu.

Hizo nyingine nilijifunza kwa kero moja moja.

Ile ya damu niliiona nilipopelekwa miezi michache kwenye wodi ya wazazi. Fatma wawili wodi moja, vitanda vinatazamana, wote wamejifungua, wote wamepungukiwa na damu. Watu wa kisiwa hiki tuna majina kumi tunazungushiana. Mwenzangu akamtundikia Fatma huyu chupa ya Fatma yule. Haikupita muda bibi yule akaanza kutetemeka, akalalamika kiuno kinakatika, na mkojo ukatoka rangi ya chai kavu. Kingamwili zilizomo kwenye damu yake mwenyewe, alizokuwa nazo siku zote, zilizikamata chembe nyekundu za kundi la kigeni zikawa zinazipasua ndani ya mishipa. Hapo hakuna kumeza kidonge cha kutuliza mwasho. Tulifunga ule mpira palepale, tukampa maji mengi ya mshipa kunusuru figo, na alipona kwa rehema ya Mungu. Mwenzangu alisema, "Nlimwita Fatma, akaitika abee." Bila shaka ataitika! Muulize jina la baba, la babu, umri, mtaa, kisha soma chupa, kisha uulize tena.

Ya wiki ilikuwa ya Makame, fundi wa kupaua makuti kwenye mahoteli ya Kiwengwa yalipoanza kujengwa. Alikanyaga msumari, akachomwa dawa ya pepopunda ya zama zile iliyotokana na damu ya farasi. Siku ya tisa akaamka na homa, magoti na viwiko vimevimba, ngozi ina mabaka. Kaenda kwengine kapewa dawa ya malaria. Kaenda kwengine kapewa dawa ya baridi yabisi. Alipofika kwetu alikuwa keshaamini kwamba mwenzake kazini kamroga.

"Wiki moja hivi kabla ya homa ulifanywa nini?" nikamuuliza.

"Wiki moja? Bi mkubwa, mimi hata jana sikumbuki."

"Mguu ule wenye kovu una nini?"

"Aa, huo! Huo msumari. Nlichomwa dawa ya farasi. Ndo maana sasa magoti yananiuma kama nilopandwa siku nzima."

Alitania tu, lakini jawabu lilikuwa hapohapo. Protini ya farasi inabaki mwilini, mwili unachukua kama wiki hivi kutengeneza kingamwili zake, na zikipatikana nyingi hushikamana na protini ile zikawa vifundo vidogo vidogo. Vifundo hivyo vinanasa kwenye mishipa myembamba ya ngozi, ya viungo, ya figo, na pale vinaponasa ndipo panapowaka. Hakuna aliyekosea kumchoma. Waliokosea ni wale wawili waliomtibu goti bila ya kuuliza kilichopita kabla ya goti.

Na ile ya siku mbili tatu, hiyo haina kingamwili kabisa. Wanaofanya kazi ni chembe nyeupe za damu zenyewe, zile ziitwazo T, ambazo zimeshakitambua kitu na zinahitaji muda wa kukusanyika mahali kilipogusa. Mimi niliizoea kwenye kipimo cha kifua kikuu. Unamchoma mtu kidogo kwenye mkono, ndani ya ngozi, unamwambia arudi baada ya siku mbili au tatu umpime uvimbe. Nani arudi? Wengine walirudi jioni ileile. Wengine baada ya wiki, wamekuna mpaka pametoka damu. Siku moja kaja kijana, namtazama mkono, mweupe hauna alama.

"Wewe ulichomwa mkono gani?"

"Sikuchomwa mimi, kachomwa kaka yangu. Yeye kaenda shamba. Nimekuja badala yake, sisi tunafanana."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Basi miaka ikapita. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nimeshakuwa muuguzi mkuu wa kliniki ya ngozi ya kituo kilekile, na kwa aina hii ya siku tatu nilijiona bingwa, kwa sababu ya piko. Mnalijua piko, rangi nyeusi ya nywele ya unga, inauzwa Darajani kwenye vipakiti. Hina ya majani haina neno, nyekundu yake ina heri zake. Lakini bibi harusi wa zama hizi akaitaka nyeusi, na piko, ambalo limefanywa kwa ajili ya nywele, likapandishwa mikononi na miguuni, likachorwa maua. Ndani yake mna kemikali ambayo wengine ngozi zao hujifunza kuichukia. Mara ya kwanza kimya. Ya pili labda anawashwa kidogo. Ya tatu anaumuka malengelenge, siku mbili tatu baada ya kuchorwa, hapo keshakula biriani na keshakutana na watu ishirini, na kila mmoja anashukiwa isipokuwa piko. Nimeletewa mabibi harusi waliorogwa na wifi, waliopigwa jicho na jirani, waliokula kamba. Kwenye mahoteli ya mashamba nako wakaanza kuwachora watoto wa wageni ufukweni, watoto wakarudi kwao Ulaya na mijusi ya malengelenge mgongoni. Nikisema piko, nagombezwa. "Bibi yangu kapaka piko maisha yake yote!" Bibi yako wewe si ngozi yako.

Siku ya Jumatatu moja wakaingia wanawake watatu. Mama mzazi wa bibi harusi, somo wake wa kumfunda aitwaye Bi Kidawa, ambaye ndiye aliyemchora, na bibi harusi mwenyewe, kijana wa miaka ishirini, mikono kaifunika kwa kanga. Nikah ilipangwa Ijumaa ya wiki ileile. Wakanipa shikamoo, nikaitika marahaba, nikamwambia bibi harusi afunue.

Malengelenge yalikuwa yamefuata maua. Kila jani, kila kikonyo, kimeinuka na kujaa maji, na pale alipojikuna pametunga usaha. Mkono ulikuwa umevimba hata vidole havikunjiki. Msichana machozi tu yanamtoka.

"Hili jicho," akasema Bi Kidawa kabla sijauliza. "Upande wa mume kuna mtu alimsifu mikono hakusema mashallah."

"Ulimchora lini?"

"Alkhamisi."

"Na kuwasha kumeanza lini?"

"Jumamosi."

"Bi Kidawa, jicho gani hilo linalosubiri siku mbili?" Nikaanza kumsomesha. Nilimweleza juu ya chembe nyeupe na mkusanyiko wake, nikamuuliza bibi harusi kama alishawahi kupaka piko, akasema Idi iliyopita, na harusi ya binamu yake, na ya binamu aliwashwa kidogo. Nikampigia Bi Kidawa meza. Unaona? Unaona? Nilikuwa nimefurahi, wanangu. Ghadhabu yangu ilikuwa na haki angalau mara hii, na watazamaji walikuwepo.

Daktari kijana aliyekuwa zamu aliona usaha ule, akaandika dawa ya kupaka, vidonge vya kupunguza uvimbe, na sindano ya pensilini kwa ajili ya vijidudu. Muuguzi wangu mpya, Salma, akaichukua kadi ya msichana. Ilikuwa kadi ya zamani ya utotoni, mama yake ameihifadhi kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha kuzaliwa. Salma akaivuta dawa, kisha akasita.

"Bi mkubwa, hapa pameandikwa ana mzio. Hapakuandikwa wa nini."

Mama akajibu haraka, "Wa pweza. Tulielezwa spitali tokea mdogo. Na hajamgusa, wallahi, miaka kumi na zaidi pweza haingii nyumbani kwangu."

Alisema kwa yakini hasa, kama mtu aliyeambiwa na mjuzi. Nami nilikuwa katikati ya sentensi na Bi Kidawa. "Pensilini haitokani na pweza, Salma," nikasema. "Mchome, watu wanasubiri."

Salma akamchoma. Mimi nikaendelea. Nilikuwa namweleza Bi Kidawa kwamba kuna mizio ya haraka na kuna ya taratibu, na hii ni ya taratibu, haiui mtu. Nakumbuka maneno yangu yaleyale: haiui mtu.

"Bi mkubwa," akasema bibi harusi, "nnaona joto kichwani." Sauti yake ilikuwa imekwaruza. Nikageuka. Midomo imejaa, shingo ina mabaka, anashika koo kwa ile mikono yake iliyovimba. Akajaribu kusimama, akaanguka ubavu kwenye sakafu. Nilimshika mkono, mapigo yalikuwa membamba, yanakimbia, kisha sikuyapata.

Bi Kidawa akamkamata mabega anataka kumkalisha, huku anaita maji. Nikapiga kelele, "Mlaze! Asiinuliwe! Miguu juu ya kiti!" Mtu ambaye presha imemporomoka ukimkalisha unammalizia safari yake, liwekeni hilo kichwani hata mkisahau mengine yote. Nikanyoosha mkono kutaka adrenalini, na Salma alikuwa keshavunja kichupa, keshavuta nusu mililita. Nilimtia pajani, kwenye msuli. Hatukuanza na dawa ya kutuliza mwasho, wala na dripu ya vitamini, wala na dua peke yake, ingawa dua zilikuwepo tele. Adrenalini kwanza, kwa sababu ndiyo inayokaza mishipa iliyolegea na kufungua pumzi. Baada ya dakika tano pumzi bado zinapiga filimbi, nikamtia ya pili. Daktari kijana akafungua maji ya mshipa.

Mama yake alikaa sakafuni, kichwa cha mwanawe mapajani. Hakulia. Alikuwa akimwita jina, tena na tena, kama anavyoitwa mtoto aliye chumba cha pili. "Rukia. Rukia. Rukia, mwanangu." Sikulitambua jina, Rukia wako wengi.

Akafumbua macho. Mapigo yakarudi, kwanza kama uzi, kisha vizuri. Tulimpeleka hospitali kubwa akalazwa mpaka kesho yake, maana haya huweza kurudi baada ya saa kadhaa hata mgonjwa akiwa anacheka.

Gari ilipoondoka niliinama kuokota kadi iliyoanguka. Nikaisoma. Nina zedi yangu naikata kwa mstari katikati, tokea skuli, mwalimu alinipiga sana lakini sikuiacha. Ana mzio. Zedi imekatwa. Muhuri wa chumba cha sindano, na juu yake, kwa hati ya karani wangu wa zama zile: pensilini, tarehe ileile. Yaani dawa iliandikwa mstari wa juu, na mzio mstari wa chini, vimelala pamoja miaka kumi na tatu, na hakuna aliyeviunganisha. Jibu alilonipa mama yule kwa yakini lilikuwa langu. Nilimpa mimi, akalitunza, akanirudishia, nami nikalipokea kama ushahidi.

Salma alikuwa amesimama nyuma yangu. "Bi mkubwa, ni kosa langu? Mimi ndo nilochoma."

"Wewe uliuliza," nikamwambia. "Kaa hapo unywe maji."

Sikulala vizuri, sitokudanganyeni. Kadi haikuwa na jina langu. Karani wa zama zile kashahamia Dar es Salaam, na Bwana Mbarouk alikuwa keshafariki. Ningeweza kusema ni bahati mbaya, dawa hizi ndivyo zilivyo, na familia ingenishukuru kwa kumwokoa. Walikuwa wameshaanza kunishukuru. Asubuhi yake nilivaa baibui nikaenda hospitali, nikamkuta Rukia amekaa kitandani na mikono ya bandeji, na mama yake anampa uji kwa kijiko. Nikafunga pazia.

Nikasema yote. Kwamba mwandishi wa kadi ni mimi. Kwamba haikuwa pweza, ilikuwa sindano. Kwamba alinambia mwenyewe siku ile, saa na kila kitu, nikamfokea. Kwamba jana nilimfanyia Salma nilivyomfanyia yeye. Nilisema kwa haraka, kama mtu anayebandua plasta, na nilikuwa tayari kwa tusi, kwa kofi, kwa barua wizarani.

Bi Mwanakombo akaweka kijiko ndani ya bakuli.

"Nakujua," akasema. "Nshakujua tokea jana naingia mlangoni. Umenenepa tu."

Nikavuta baibui kujifunika tumbo.

"Unafikiri kwa nini tulikuja kwako? Kuna kituo mlangoni kwangu pale Jang'ombe. Bi Kidawa alitaka twende kwa mwalimu wa chuoni akasomewe dua. Mimi nikasema hapana, kuna muuguzi kule mjini ndiye alotugundulia ule mzio, yule anajua, twendeni kwake." Akamtazama bintiye, akamfuta uji kidevuni. "Kila akija mgeni na chakula namuuliza mna pweza? Mazikoni, harusini. Watu wakinicheka. Nkiwaambia nimeelezwa na mjuzi."

Nililia mbele ya mgonjwa, jambo ambalo nimewagombeza wauguzi wangu wote kwa kulifanya. Hakunibembeleza, wala hakunitukana. Alisubiri nimalize, kama mtu anayesubiri mvua ikatike. Kisha akasogea kwenye benchi akaacha nafasi.

"Haya kaa. Nieleze upya, mwanzo mpaka mwisho. Na safari hii nkiuliza, unijibu."

Nikakaa. Aliniuliza maswali mengi, mengine mara tatu, na nikamjibu yote.